Maofisa wajifunze kuzungumza na wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi baadhi ya maofisa wanavyozungumza na wananchi vijijini.

Mwaka jana ofisa mmoja alikuja kijijini kwetu kuwaeleza wazazi umuhimu wa kuchangia mahindi na maharage ili watoto wale mchana shuleni. Hoja zake zilikuwa nzuri na hakuna hata moja ninayoipinga. Lakini alizungumza akiwa ameegemea gari, miwani myeusi usoni, mkono mmoja mfukoni, na mwingine ukiwanyooshea kidole kina mama waliokaa chini. Alipouliza kama kuna swali, watu walinyamaza. Akaandika kwamba mkutano umekubali. Hadi shule inafungwa yaliletwa madebe mawili tu.

Katika vijiji vya huku Tunduma, anayemheshimu mzee humwamkia kwa kuinama na kupiga makofi taratibu. Anayewasemesha wazee mkono ukiwa mfukoni amekwisha kuwatukana kabla hajataja mahindi. Na ukimya wao si kukubali, ni adabu ya kumwacha mgeni aondoke salama. Hata darasani, mwalimu mgeni humshuku mtoto anayetazama chini anapoulizwa, kumbe kwao amefundishwa kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu.

Jambo hili lilijulikana zamani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini wananchi hawakuachiwa sauti ya redio peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakaulizana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Naye Mwalimu Nyerere, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam Novemba 1978 kuhusu Idi Amin, alijenga hoja yake juu ya mambo matatu tu: uwezo, sababu na nia. Mpaka leo hata waliozaliwa miaka mingi baadaye wanayataja, tena kwa mwendo wa sauti yake.

Wapo watakaosema kwamba ufundi wa kusema ni ulaghai. Unaweza kuwa hivyo. Stendi wapo wauza dawa wenye vipaza sauti ambao dawa yao moja hutibu mgongo, minyoo na mikosi, na watu wananunua. Hilo ndilo linaloniuma: mwenye uongo amejifunza kusema, mwenye kweli ameegemea gari.

Sisi walimu, tulipokuwa chuoni, tulikaguliwa katika mazoezi ya kufundisha jinsi tunavyosimama, tunavyotumia sauti na tunavyowatazama watoto. Naziomba halmashauri ziwapime hivyo maofisa kabla ya kuwatuma vijijini. Kwetu mkutano mwingine wa chakula cha shule utafanyika baada ya mavuno. Safari hii aje mtu atakayekaa kwenye benchi, awaamkie wazee, na asubiri maswali hata yakichelewa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Momba, Songwe.