Jibu la mtoto niliyemkosesha

Imepita miaka mingi tangu nilipotia alama ya kosa katika daftari la mtoto mmoja wa hapa Majoreni, na alama hiyo ingali inaniuma. Swali lilikuwa jepesi: ndege hutoa sauti kwa kutumia nini? Wenzake wote waliandika kwamba ni mdomo. Yeye aliandika kwamba wengine hutumia mdomo na wengine mabawa. Darasa likaangua kicheko. Nami mwalimu, badala ya kumwuliza aliyasikia wapi hayo, nikachukua kalamu nyekundu.

Nakiri hadharani kwamba mtoto yule alimshinda mwalimu wake. Hata lile jibu la mdomo nililolipa alama zote lina kasoro, maana sauti ya ndege huanzia ndani kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafu mawili.

Katika msitu wa Milima ya Shimba, humu humu Kwale, yumo ndege mdogo mwenye mdomo mpana na kifua chenye michirizi. Wataalamu humwita Smithornis capensis. Dume hukaa kwenye kitawi kitupu, aghalabu alfajiri au jua linapotua. Ghafla huruka, huzunguka duara dogo mno, kisha hurejea pale pale alipotoka. Katika mzunguko huo mfupi husikika mkoromo mkali, na mgeni wa msitu huinama kutafuta chura majanini. Hakuna chura. Koo la ndege nalo halikufanya kazi yoyote. Bawa ndilo lililonguruma.

Mwaka 2016 wanasayansi Clark, Kirschel, Hadjioannou na Prum walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba sauti hiyo hutoka katika manyoya ya kurukia, hasa unyoya wa sita na wa saba. Bawa linaposhuka kwa kasi, hewa huyatikisa manyoya hayo nayo yakavuma, mfano wa tanga la ngalawa lililolegea linavyopigapiga kwenye upepo. Waliyatia manyoya matupu katika mtambo wa kuvumisha hewa, nayo yakatoa mlio pasipo ndege. Nadhani hakuna somo la fizikia lililo zuri kuliko hilo, nalo limo msituni mwetu. Wanasayansi hao waliona pia kwamba, kadiri bawa lilivyojifunza kusema katika ukoo wa ndege huyu, ndivyo koo lilivyopungukiwa na kazi.

Lakini naamini mtoto wangu hakuwa amefika Shimba. Yumkini alimsikia ndege mwingine, wa uwandani, wa jamii ya kipozamataza, aitwaye Mirafra rufocinnamomea. Huyo hupaa juu sana hata jicho likampoteza, kisha hupiga mabawa kwa mafungu, trrr, trrr, kama mtu anayechanganya karata. Mwaka 1973 mtaalamu Payne aliandika kwamba mapigo hayo yana lahaja: ndege wa mahali pamoja hupiga kwa mpangilio wao, na wa mahali pengine kwa mpangilio wao. Sisi tuishio baina ya Kidigo na Kivumba hatuhitaji kufafanuliwa lahaja ni kitu gani.

Yuko pia mlembe, yule aongozaye watu kwenye asali, ambaye habari yake inanitia hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulieleza kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe, Tanzania, huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Na kule Msumbiji, mlembe huitikia mwito wa Wayao zaidi kuliko mluzi wa Wahadzabe. Maana yake ndege hujifunza lugha ya jirani zake. Je, jirani akinyamaza kwa kuwa sukari ya dukani i karibu, ndege atamwongoza nani?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini mwaka 2019, unadai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Hata hivyo wanafunzi wetu hupakiwa ndani ya basi lenye muziki wa kutoboa masikio, wakaenda kuitazama Fort Jesus, wakarudi usiku. Siipingi Fort Jesus. Nauliza tu kwa nini hatujapanga safari ya alfajiri moja kwenda Shimba, tukiwa kimya, pasipo simu. Msitu ukikatwa kwa mkaa, duara lile dogo chini ya miti halina pa kuzungukwa, na mwanafunzi hatalilia jambo ambalo hakuwahi kulisikia.

Gharama, mtasema. Basi tuanze na uwanda ulio nyuma ya shule, ambao hautozi nauli. Mimi nimekwisha kuomba Jumamosi moja ya muhula ujao, saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na darasa litakalokubali kuamka mapema. Kila mwanafunzi aje na daftari na penseli. Kalamu nyekundu nitaiacha nyumbani.