Tuwape Watoto Ngoma Mkononi

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alishuka Lindi, akapita Masasi hadi Newala, akikusanya vinyago na vyombo vya watu wa kusini. Alirekodi hata nyimbo zao. Mizigo yake ikaishia kwenye makumbusho ya Leipzig, na huko watoto wa Ujerumani wakapata kuzitazama kazi za mababu zetu kupitia kioo.

Hatuandiki haya ili kudai virudishwe. Suala hilo lina wasemaji wake. Swali letu ni dogo zaidi. Mtoto wa Chikongola, wa Mikindani au wa Msimbati, aliyezaliwa nyumbani kwa sanaa hiyo, ameshika nini mkononi? Mpingo wetu unakwenda Ulaya kutengenezwa klarineti, na mtoto wa huko anajifunza kuipuliza shuleni. Wa kwetu, mara nyingi, anaujua mpingo kama kinyago cha kumuuzia mgeni.

Siku hizi makumbusho mengi duniani yamechoka kuwapitisha watoto mbele ya makabati. Yanawaandalia warsha. Mtoto anapewa ngoma, anafundishwa mapigo mawili matatu, anapaka rangi kinyago cha karatasi na kurudi nyumbani akifurahi. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa 1967 humwonyesha mgeni nyumba za jadi na humchezea ngoma. Ni jambo jema, ila kutoka Mtwara ni safari ya basi ya siku nzima. Hapa kwetu Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake linaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limewakutanisha wachezaji wa kusini mbele ya umati. Lakini jukwaa si darasa.

Warsha ya saa moja humwonjesha mtoto tu. Ufundi wetu haukuwahi kufundishwa hivyo. Wachongaji wa Kimakonde, wa pande zote mbili za Ruvuma, wengi wao walioingia Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, hawakusomea uchongaji. Kijana alikaa kando ya mzee. Alianza na msasa, akapewa tupa, kisha patasi, na tezo ikaja baadaye kabisa. Alijifunza kwa jicho na kwa kukemewa.

Ngoma nayo ni hivyo hivyo. Gogo linachaguliwa, linatobolewa, ngozi inalowekwa mpaka inalainika, inawambwa na kuanikwa juani. Kabla ya kupigwa inaoteshwa moto ili ikaze. Mtoto aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake anaelewa kwa nini ngoma ya kanisani inalegea wakati wa masika na upepo wa bahari, na hahitaji kuambiwa asiikalie. (Tumeona ngoma za kwaya zikigeuzwa viti. Anayeikalia hajawahi kuiwamba.)

Sasa, kwa nini jambo hili liletwe kwa waseminari na waamini? Kwa sababu Kanisa limekwisha kulifanya, na katika nchi hii hii. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alianzisha katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma, ndani ya eneo la parokia. Ngoma za watemi zimehifadhiwa hapo, na kila mwaka sikukuu ya Ekaristi huambatana na mashindano ya ngoma ya Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kwa kucheza. Mgeni wa Bujora hupata kuzisikia ngoma za Wasukuma zikipigwa, na makumbusho yenyewe yamepakana na kanisa bila aibu yoyote.

Kusini nako tuna urithi wa aina hiyo. Padre Stephen Mbunga wa Songea alitunga Misa Baba Yetu kwa muziki wa nyumbani, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio ya Liturujia, ambayo katika ibara ya 119 inataka muziki wa jadi wa watu ukuzwe katika ibada na pia shuleni. Ndugu zetu waseminari wanalikariri vizuri neno utamadunisho katika mitihani. Tungependa kujua wangapi kati yao wanaweza kuwamba ngoma.

Wapo wazazi watakaotuuliza: mnataka kuwarudisha watoto wetu kwenye jando na unyago? Swali ni la haki na halijibiwi kwa dharau. Tunajua kwamba mapiko si mchezo wa kila mtu. Kinyago kile kina siku yake na siri zake, na wenyewe hawakukusudia kila mpita njia ajue nani yumo ndani. Warsha inayomvisha mtoto wa miaka 7 kinyago cha midimu ili apigwe picha inawakosea heshima wazee kabla hata ya kumkosea paroko. Basi tuanze na yale yaliyo wazi: ngoma, ususi wa mikeka, ufinyanzi wa vyungu, uchongaji wa miiko na vinu. Mengine wazee wenyewe wataamua, nasi tuwasikilize.

Tena, mafundi wengi wa pwani hii ni Waislamu. Hilo lisitushtue. Fundi anaitwa kufundisha ngoma, si katekesi, na watoto wa jirani zetu waruhusiwe kuja pia. Katika mitaa ambako tunazikana na kualikana arusi, ukumbi wa parokia unaweza kubeba warsha ya namna hiyo.

Jambo la malipo tunalisema wazi kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri inapofia. Mzee anaitwa, anapigiwa makofi, anapewa soda, anarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka unaofuata haji, nasi tunalalamika kwamba wazee hawataki kurithisha. Kijana akiona fundi amelipwa siku zake zote kumi kama mwalimu mwingine yeyote, ataliangalia tezo kwa jicho jipya. Akiona soda, ataomba kazi bandarini.

Utoto Mtakatifu wapo, VIWAWA wapo, kumbi zetu hukaa tupu likizo ya Juni. Watoto 10 kwa fundi 1 wanatosha, ili kila mmoja aguse kifaa na asijikate vidole. Wakianza na gogo Jumatatu ya kwanza, ngoma iwe inalia ifikapo Dominika ya pili, ipigwe na wao wenyewe wakati wa matoleo. Gogo, ngozi ya mbuzi na posho ya fundi: tunaziomba halmashauri za walei zikae na kupiga hesabu hiyo kabla ya Pasaka.