Daftari la wiki: Wageni walioko ng'ambo ya daraja la Pakwach

Utalii wa Uganda umeegemea kusini-magharibi: sokwe wa milimani wa Bwindi na Mgahinga, sokwe mtu wa Kibale, simba wa Ishasha wanaopanda miti. Upande wa kaskazini, safari nyingi huishia kwenye maporomoko ya Murchison. Mgeni hutazama tembo na twiga, hupanda mashua kwenye Mto Nile, kisha gari hugeuza kurudi Kampala. Lakini lango la Tangi la hifadhi hiyo liko jirani kabisa na Pakwach, na ukivuka daraja la Pakwach umeingia eneo la West Nile. Lami inaendelea kupitia Nebbi hadi Arua na Koboko. Kinachokosekana ni sababu ya kuvuka.

*

Hata hivyo si kweli kwamba Arua haina wageni kutoka nje. Wafanyabiashara wa Aru na Ariwara huingia kutoka Kongo kupitia mpaka wa Vurra. Wengine hutoka Yei na Juba, Sudan Kusini, kupitia mpaka wa Oraba. Watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi hujaza vyumba vya hoteli. Kwa kanuni za kimataifa za takwimu, mtalii wa kimataifa ni yeyote anayelala walau usiku mmoja nje ya nchi anayoishi, kwa muda usiofika mwaka, maadamu hajaajiriwa na mwenyeji wa huko aendako. Mama wa Ariwara anayelala Arua ili asubuhi anunue bidhaa ni mtalii sawa na Mjerumani mwenye kamera. Mpango wowote wa kuvutia wageni ungepaswa kuanza naye: lojing safi, foleni fupi forodhani, choo cha heshima stendi, na askari wa mpakani anayemsalimu kwa Kiswahili au Kilingala kabla ya kumdai karatasi.

*

Wilayani Koboko kuna kilima cha Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo nchi zote tatu za kilima hicho ni wanachama. Lakini viza ya pamoja ya watalii, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na siku 90, ilianzishwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kuipanua hadi huku, hali ya usalama ng'ambo ikiruhusu, kungeufaa mpaka huu kuliko mabango ya matangazo.

*

Historia ya eneo hili ni ya kimataifa kuliko vitabu vya watalii vinavyodokeza. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, lenye West Nile ndani yake. Leopold alifariki Desemba 1909, na katika pengo la mamlaka wawindaji wa pembe za ndovu walijimwaga humo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alipiga kambi Rhino Camp mwanzoni mwa 1910 akiwasaka faru weupe kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa Uganda mwaka 1914.

Kisa cha faru hao, wa jamii ya kaskazini, kinahuzunisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi walihamishiwa Murchison ili waokolewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 faru wote wa Uganda, weupe kwa weusi, walikuwa wamemalizwa. Dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, Sudan, lilikufa Machi 2018 huko Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu. Faru wanaofugwa katika hifadhi ya Ziwa tangu 2005 ni wa jamii ya kusini. Hata wakiwa katika hifadhi ya Ajai, makazi ya zamani ya wale wa kaskazini, mgeni ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo. Mahali penye hasara kubwa namna hii hapahitaji kupambwa.

*

Na Idi Amin. Koboko hutajwa mara nyingi kuwa ndiko kwao, na filamu ya mwaka 2006 iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar imelipeleka jina lake mbali. Mgeni atauliza. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za serikali yake zilizokuwa zimesahaulika katika shirika la utangazaji la taifa, na kuonyesha kwamba jambo hili laweza kuzungumzwa hadharani bila kumtukuza wala kumficha.

Ila anayeletwa Koboko kwa sababu ya Amin apelekwe pia Ombaci, nje kidogo ya Arua. Baada ya Amin kupinduliwa Aprili 1979, kisasi kiliwashukia raia wa West Nile. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali mpya waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki hapo. Maelfu kwa maelfu walitorokea Kongo na Sudan. Hao na watoto wao ndio leo wanaowagawia wakimbizi wa Sudan Kusini ardhi ya kulima. Hakuna bustani ya wanyama inayoweza kumfundisha mgeni jambo hilo, na anayestahili kulisimulia, kwa malipo, ni mtu wa hapa hapa.

*

Mengine ni madogo. Mlima Wati, ulio katika simulizi za asili ya Walugbara, unahitaji njia iliyopaliliwa na wazee wanaoshauriwa kabla ya mgeni kupanda. Asali ya West Nile inauzika bila kubembeleza. Enyasa kwa angara, ugali na samaki wakavu, iwekwe kwenye orodha ya vyakula hotelini, badala ya kuachiwa jikoni kwa wafanyakazi huku mgeni akipewa chipsi.