Jiko Bora Lianzie Kwetu Tununuao Mkaa

Asafiriye kwa barabara kuu ya Morogoro huyaona magunia ya mkaa yamesimamishwa kando ya njia yakingoja wanunuzi. Juu ya mji imetanda milima ya Uluguru, na humo ndimo yatokamo maji ya Mto Ruvu ambayo, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, huunywesha mji wa Dar es Salaam. Mji huo huo ndio ulao mkaa wa mkoa huo kwa wingi. Nasi wa visiwani tusijitoe: si kila gunia livukalo kwa jahazi kuja Unguja limetoka Morogoro, lakini kila gunia limetoka katika miti ya mtu fulani.

Tunasema haya kwa sababu kila linapotajwa suala la misitu, kidole huelekezwa kwa mkazi wa mlimani. Mluguru hana haja ya kufundishwa uchungu wa amri za namna hiyo. Wakoloni waliwalazimisha wazee wake kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi ardhi, hata mwaka 1955 zikazuka ghasia huko Matombo na damu ikamwagika. Wala marufuku haikufaulu zaidi baada ya Uhuru. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Haukupita muda mrefu amri ikalegezwa, maana watu hula kila siku.

Dawa iko jikoni. Mafiga matatu huachia sehemu kubwa ya moto ipotee na upepo, na moshi wake mama huuvuta tangu alfajiri, mtoto akiwa mgongoni. Jiko la bati tupu nalo hupasha hewa ya uani kuliko sufuria. Lakini jiko lile lile likitiwa ndani udongo uliochomwa vizuri, joto hubaki chini ya chungu, na mkaa huokolewa kiasi cha theluthi, pengine zaidi. Tukumbuke pia kwamba kilo moja ya mkaa katika tanuri la kufukia hula kilo nyingi za kuni. Kwa hiyo kopo moja lisilochomwa bure mjini ni kuni nyingi zilizosalia porini. Kuendelea na jiko bovu hali jema lipo sokoni ni israfu, na mwenye kipato kidogo ndiye ailipiaye zaidi.

Mbona basi majiko haya hayakuenea kila nyumba? Jibu tunalisikia kwa akina mama wenyewe. Jiko hupasuka mwezi wa pili kwa kuwa udongo haukuiva. Mdomo wake ni mwembamba, sufuria ya ugali hutikisika likisongwa. Na bei yake hutakiwa yote siku moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Haya si mambo ya semina. Yanamhitaji mfinyanzi na fundi bati waketi pamoja na mpishi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtungi wa gesi ukiisha, anayeishi kwa kopo hurudi kwenye mkaa jioni ile ile, na jiko alirudialo liwe jema.

Tunashauri Halmashauri ziyapime majiko kabla hayajafika sokoni na kuyapiga muhuri, na vyama vya ushirika viwakopeshe wanachama wao walipe kidogo kidogo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Hawakuchapwa viboko.

Na kiongozi atakayepanda jukwaani kulihimiza jiko hili, wananchi wamwulize kwa adabu: nyumbani kwake chai huchemshwa kwa jiko gani?