Tangi halijakufa: mafundi wa "nunua mpya" na wenye nyumba waache kula pesa za familia

GOMA – Katika parseli moja ya kartie Katindo, familia 3 zinatumia bafu moja. Moja ndiyo iliyopanga nyumba. Mbili ni wahami waliopokelewa na ndugu zao baada ya kambi za pembeni ya mji kuvunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Ukutani kuna tangi la umeme la kuchemsha maji, la lita 50. Siku maji yalipotoka baridi, fundi aliitwa. Alilitazama dakika chache, hakufungua hata skrubu moja, akasema: "Mama, hii imekufa. Mutafute mpya." Mwenye nyumba alipopigiwa simu, akajibu kwamba wahami ndio wameliharibu kwa kuoga wengi, na kwamba bei ya tangi jipya itakatwa kwenye garanti.

Majibu ya namna hii yanasikika katika parseli nyingi, na yote mawili ni ya kukataa.

Fundi kwanza. Tangi la maji ya moto si kitu kimoja. Kuna tangi lenyewe la chuma, na ndani yake kuna rezistansi inayochemsha, termosta inayopima joto, na fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu ili chuma kisiliwe. Nje kuna valvu ya usalama. Rezistansi ikiungua, inabadilishwa. Termosta vilevile. Hata fimbo ile imewekwa hapo ili iishe na kubadilishwa. Bei ya vipande hivyo ni ndogo sana mbele ya bei ya tangi jipya, na fundi anajua. Lakini kwenye kipande anapata pesa ya kazi tu, na kwenye tangi jipya muuzaji anamkumbuka. Ndiyo sababu hafungui.

Kuna mbaya zaidi. Wengine wanaona valvu inadondosha maji wakati tangi linachemka, wanatangaza kwamba tangi limetoboka. Maji yakipata moto yanaongezeka, na valvu inatoa kidogo ili chuma kisipasuke. Matone hayo ni kazi yake. Fundi anayeziba tundu la valvu ili "kuzuia kuvuja" ametengeneza bomu ndani ya nyumba yenye watoto, na afukuzwe siku hiyohiyo.

Tangi linalostahili kutupwa lipo. Chuma chenyewe kikivuja, maji yakitokea kwenye mshono au chini ya ganda, hakuna kiraka cha kuaminika. Vilevile kama maji ya moto yanatoka mekundu ya kutu, na ya baridi ni safi, na chuma kikifunguliwa kinaonekana kimeliwa. Hapo kununua ni akili. Lakini hilo linajulikana baada ya kuzima umeme, kumwaga maji, kufungua na kutazama. Familia imuombe fundi aonyeshe tundu kwa kidole. Asipoweza, asilipwe.

Sasa mwenye nyumba. Wingi wa watu wanaooga hauunguzi rezistansi. Maji mengi ya bomba Goma yanatoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana madini mengi. Kila mama ameona ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo unaivaa rezistansi, joto linashindwa kutoka, inaungua. Tena bomba linakauka kila mara. Kama valvu haina kizuizi cha maji kurudi nyuma, au kizuizi kimekwama, tangi linajimwaga kwenye bomba. Umeme ukirudi usiku kabla ya maji, rezistansi inawaka mahali pakavu. Hapo mhami amefanya kosa gani?

Garanti ni ya kulipa uharibifu wa mpangaji. Si mfuko wa kurekebisha mali ya mwenye nyumba iliyochakaa. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo hata leo inatumika nchini, inamtaka mwenye nyumba atunze nyumba iendelee kufaa kwa kazi iliyopangishiwa. Mpangaji anabaki na matengenezo madogo. Tangi lililofungwa ukutani litabaki ukutani mpangaji akihama. Basi alinunue mwenye ukuta.

Wapo pia wanaouliza wahami wana shida gani na maji ya moto, wakati hata chakula ni taabu. Waulize mama aliyejifungua juzi. Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, na asubuhi ya mvua mtoto mchanga haogeshwi maji baridi. Tangi likifa, moto unarudi kwenye mbabula, na makala yananunuliwa kila siku. Lita 50 zilizofika nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi, zinatoa bidoni 5 hivi za kuoga, kwa umeme usiofika kilowati-saa 3. Wengine wanakimbilia ile rezistansi ya mkono, wanaitumbukiza kwenye ndoo huku watoto wakipita. Hiyo imechomekwa kwa sababu fundi na mwenye nyumba wamekataa kazi yao.

Katindo, fundi wa pili alikuja Jumamosi. Alizima umeme, akafungua, akatoa ukoko uliojaza nusu ya beseni, akaweka rezistansi mpya. Chuma kilikuwa kizima. Jioni watoto walioga maji ya moto. Valvu ndiyo bado: kizuizi chake kimekwama, na mwenye nyumba hajatoa pesa. Kwa sasa, bomba likikauka, anayeliona wa kwanza ndiye anazima umeme.