Kioo Si Kivuli

Wapo waaminio kwamba aliyekaa nyuma ya kioo amelikwepa jua. Sivyo. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale iunguzayo ngozi upesi, lakini hupitisha ile iizeeshayo polepole. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69: baada ya miaka 28 ya usukani, shavu lake la kushoto, lililoelekea dirishani, lilikuwa limekunjamana kupita la kulia. Madereva wetu huketi kulia. Wajiangalie upande huo. Lakini hofu yetu kubwa ni kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya asili, aliyepangiwa dawati la dirishani, ambako pengine hata hicho kioo hakipo. Walimu na wamhamishe leo. Jambo hilo halingojei bajeti.