Maneno ya Kukopa Hayabadili Ukoo wa Lugha

Mara nyingi husikika, hata madarasani, dai kwamba Kiswahili kimezaliwa na Kiarabu kwa kuwa kina maneno mengi ya Kiarabu. Dai hilo halina budi kupimwa kwa njia ya sayansi, na mvuvi wa Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, anatutosha kwa mfano.

Mvuvi huyo asemapo, “Samaki wawili wamevuliwa,” neno *samaki* ni la Kiarabu. Lakini kitenzi *vua*, kiambishi cha kutendwa, pamoja na *wa-* inayotangulia *-wili* na *-mevuliwa*, vyote ni vya Kibantu. Mgeni ameingia nyumbani akafuata sheria za mwenyeji. Neno la kale, *nswi*, bado limo katika baadhi ya lahaja. Vivyo hivyo katika hesabu: *sita*, *saba* na *tisa* zimekopwa Arabuni, *moja* hadi *tano*, *nane* na *kumi* ni za Kibantu.

Kosa kama hilo lilitendeka pia India. Kitelugu kimejaa maneno ya Kisanskriti, nacho kikadhaniwa kuwa mtoto wa lugha hiyo. Mwaka 1816 Francis Whyte Ellis, aliyekuwa Madras, alionyesha kwamba mizizi ya maneno yake ya asili inakiunganisha na Kitamili na Kikannada, ukoo ambao leo huitwa Kidravidi. Kwa kipimo hicho hicho, wataalamu wamekiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro.

Ushahidi wa historia hiyo umehifadhiwa katika lahaja. Tangu Kiunguja cha Mjini kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, shule zimekieneza, na lahaja za vijijini zimedharauliwa. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya Kimakunduchi. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, lakini haitoshi.

Kwa maoni yetu, walimu wawape wanafunzi wa Chwaka na vijiji jirani kazi ya kukusanya kwa wazee majina ya samaki, ya pepo na ya maji kupwa na kujaa, wakiandika neno, matamshi yake na mahali lilipotamkwa. Mwanafunzi anayeona haya kutamka neno la bibi yake anautupa ushahidi ambao hakuna maabara itakayouunda upya.